Kuchelewa kwa Kiingereza: namna ya kuchagua kati ya late, delayed, overdue na ndugu zao

Kiswahili kimetubebea karibu kila kitu ndani ya kitenzi kimoja. Basi limechelewa, mshahara umechelewa, mtoto amechelewa kulala, fomu imechelewa kupelekwa, salamu za Idi zimechelewa kufika. Kiingereza kimegawa kazi hiyohiyo kwa maneno mengi, na anayekisikiliza hutarajia uchague: ni nani aliyechelewa, ni kosa la nani, na je, bado kuna nafasi ya kurekebisha?

Ninawaandikia hasa watu wanaotumia Kiingereza kazini na maofisini: anayejibu barua pepe ya mwajiri, anayejaza fomu ya chuo, anayelipa kodi ya nyumba ugenini. Kwa watu hawa neno lisilo mahali pake linaweza kugharimu faini au usaili. Zifuate hatua kwa mpangilio huu mara ya kwanza, kisha urudie ile inayokusumbua.

Hatua ya 1: Mpe "late" kitenzi chake

Ukilishika hili, nusu ya makosa yanaondoka. "Chelewa" ni kitenzi, lakini "late" si kitenzi. Ni kivumishi, kinakaa kundi moja na "tired" na "hungry", kwa hiyo hakisimami bila "am", "is", "was" au "will be". Ndiyo maana "I late", "I have late" na "I lated" hayapo, ingawa kichwani mwetu yanaonekana yamekaa sawa kabisa.

"Nimechelewa", ile unayoisema ukifungua mlango wa kikao, ni "I'm late". Tena Waingereza hutumia wakati uliopo hata kama umeshavuta kiti: "Sorry I'm late." "Sorry I was late" husemwa kikao kikiisha au kesho yake. "Nilichelewa jana" ni "I was late yesterday". Ukiwa bado njiani na unaona saa zinakwenda, sema "I'm running late". Hapo hakuna anayekimbia, ni namna yao ya kusema ratiba inakuponyoka. Na kama unaona kabisa kwamba hutafika kwa wakati, "I'm going to be late" ni ya kawaida kuliko "I will be late".

Muda wenyewe hutangulia: "ten minutes late", "two days late". Baada ya "late" angalia kihusishi. Jambo ulilotakiwa kulifikia huchukua "for": "late for work", "late for class", "late for my appointment". Kitu ulichotakiwa kukitoa huchukua "with": "late with the rent", "late with the report". Sisi tunasema "nimechelewa kazini", na hapo ulimi unateleza kwenda "late at work". Epuka. "I stayed late at work" maana yake ulibaki ofisini mpaka usiku, jambo ambalo bosi hulisifu. Usije ukampa sifa hiyo ukiwa unaomba radhi.

Mwisho wa hatua hii: "late" ni kielezi pia bila kubadilika. "She arrived late." Usiongeze "-ly". "She arrived lately" ina maana nyingine, tutaifikia.

Hatua ya 2: Tenganisha kuchelewa na saa kuwa zimekwenda

Si kila "late" ina lawama. Mara nyingi neno hili linaonyesha tu sehemu ya mwisho ya kipindi. "Late May" ni mwishoni mwa Mei. "The late 1990s" ni miaka ya 1997 hivi hadi 1999. "In her late fifties" ni mama wa miaka 57, 58 au 59. "Late afternoon" ni alasiri jua linapoanza kushuka. "It's late" husemwa mgeni anapoaga: usiku umekwenda.

Hapa kuna shimo moja ambalo wengi huingia. "Nilichelewa kulala" si "I slept late". Kwa Kiingereza "I slept late" ni kuamka kwa kuchelewa, kuvuta shuka mpaka jua limepanda. Ukitaka kusema uliingia kitandani usiku mwingi, sema "I went to bed late" au "I stayed up late". Fikiria mlezi wa watoto anayemwambia mama mwenye nyumba, "The baby slept late": mama atadhani mtoto aliamka saa tatu asubuhi, kumbe alikesha mpaka saa sita usiku. Maagizo ya kesho yote yatajengwa juu ya habari isiyo ya kweli.

Hatua ya 3: Jiulize ni nani au nini kilichokuchelewesha

Kiswahili kina "chelewa" na "cheleweshwa", na tunazijua tofauti zake tangu utotoni. Tumia ujuzi huohuo. "Delay" ni kama chelewesha. Foleni ndiyo inayochelewesha, mvua ndiyo inayochelewesha. Wewe umecheleweshwa, kwa hiyo "I was delayed". Huku kwetu, Kenya hasa, utasikia sana "Sorry, I delayed", na sisi kwa sisi tunaelewana vizuri. Lakini kwa Mwingereza au Mmarekani sentensi hiyo ina harufu ya makusudi, kama vile uliamua kuvuta muda. Badala yake: "I was delayed", "I got held up", au taja sababu moja kwa moja, "I was stuck in traffic".

Kuhusu foleni: "traffic jam" ni neno zuri, lakini likibaki "jam" peke yake linataka "a" mbele yake. "There was jam on the road" ni jamu ya kupaka kwenye mkate imemwagika barabarani.

Kitenzi kinachofuata "delay" huwa na "-ing": "They delayed opening the gate", si "delayed to open".

Uwanja wa ndege kuna maneno matatu ambayo lazima uyatofautishe kwa sababu yanabeba haki tofauti. "Delayed": ndege ipo, itaondoka au kufika baadaye. "Cancelled": safari hiyo imefutwa. "Rescheduled": imepangiwa muda mwingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayowalinda abiria wa ndege, inazishughulikia safari iliyofutwa na iliyochelewa kwa vifungu tofauti. Kwa hiyo ukiandika malalamiko, nakili neno lililokuwa kwenye ubao wenyewe, na piga picha ubao huo.

Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa wawe waangalifu zaidi hapa. "Retard" ya Kifaransa ni kuchelewa tu. Kwa Kiingereza cha leo, hasa Marekani, neno hilo hilo likitumika kwa mtu ni tusi zito dhidi ya wenye ulemavu wa akili. Usiseme "I am in retard", wala usimwambie mtu "you are retard". Liweke kando kabisa.

Hatua ya 4: Kitu kikishapita tarehe yake

Mtu huwa "late". Bili, kitabu cha maktaba na marejesho ya mkopo vinaweza kuwa "late" pia, lakini kwenye karatasi utakuta "overdue". "Due" ni tarehe ya kulipa au kuwasilisha: "The rent is due on the 1st." Ikipita, kodi ni "overdue", na bili nyingi za Marekani huandika "past due". "Late fee" ni faini ya kuchelewa. "Grace period" ni siku unazosamehewa kabla faini haijaanza. Itafute kwenye mkataba kabla hujaanza kuhangaika. "Arrears" ni malimbikizo ya deni, na mpangaji aliyelimbikiza huitwa "in arrears".

Kuna neno linalowadanganya wengi: "outstanding". Kwenye cheti cha mwanafunzi ni sifa ya juu. Kwenye barua ya benki, "outstanding balance" ni deni ambalo bado hujalipa.

Kwa akina mama: "due date" ni tarehe ya makadirio ya kujifungua, na mjamzito akiipita huwa "overdue". Hedhi iliyochelewa ni "My period is late", na daktari atataka idadi: "It's six days late."

Hatua ya 5: Soma tarehe ya mwisho kama wakili

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo yenye hasara zaidi mtu akiikosea.

Kwanza, "by" na "until". Zote mbili tunazitafsiri "mpaka" au "hadi", na hapo ndipo mambo yanapoharibika. "By" ni tendo moja litakalokuwa limekamilika kabla muda haujapita. "Until" ni hali inayoendelea kisha inakatika. Ziangalie zikiwa bega kwa bega: "I'll be in the office by five" maana yake saa kumi na moja utakuwa umeshafika. "I'll be in the office until five" maana yake saa kumi na moja unaondoka. Mgeni akiambiwa moja badala ya nyingine, mtapishana mlangoni. Ripoti humalizwa "by Friday". "I will finish until Friday" si Kiingereza.

"No later than" na "at the latest" zinasema jambo lilelile kwa msisitizo: "Please reply by Monday at the latest." Kwenye matangazo ya zabuni utakuta "not later than 10:00 a.m. local time", na chini yake "late bids shall be rejected". Hiyo 10:00 a.m. ni saa 4:00 asubuhi yetu. Nasisitiza kwa sababu mtu anayebadilisha saa kichwani akiwa na haraka hukosea kirahisi, na sanduku la zabuni likifungwa limefungwa. Ukiandika tarehe ya mwisho kwenye kalenda yako, ziandike saa zote mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili, papo hapo.

Vyuo na wadhamini wa masomo hupenda kuandika 11:59 p.m. badala ya "midnight", kwa kuwa "Friday midnight" huacha swali: ni usiku ule Ijumaa inapoanza au inapokwisha? Kwetu sisi swali ni kubwa zaidi, maana kwa desturi ya pwani usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. "Friday night" ya Kiingereza ni Ijumaa baada ya jua kuzama. Halafu angalia saa za nchi gani. Tarehe ya mwisho ikiwa 11:59 p.m. GMT, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tutakuwa saa 8:59 usiku, kumeshaingia siku inayofuata. Majira ya joto Uingereza husogeza saa zake mbele kwa saa moja, na hapo 11:59 p.m. ya London ni saa 7:59 usiku kwetu.

Pili, kusogeza mbele. Tukisema "mkutano umesogezwa mbele" wengi wetu tunaelewa kwamba umeahirishwa, utafanyika baadaye. Kiingereza kimegeuza. "Brought forward" na "moved up" maana yake umewahishwa. "Pushed back" na "put back" maana yake umeahirishwa. Tangu Kenya na Uingereza zitiliane saini makubaliano ya ajira za wauguzi mwaka 2021, nawafikiria sana wauguzi wetu ninapofundisha sehemu hii. Tuseme umepangiwa usaili Alhamisi, kisha barua pepe inakuja: "Your interview has been brought forward to Tuesday." Ukiisoma kwa Kiswahili utasubiri Jumanne ya wiki inayofuata, ukiwa umetulia na nguo umeshapiga pasi, wakati wenzako wanakungoja kwenye skrini Jumanne hii. Dawa ni kujibu kwa tarehe kamili: "Thank you. Just to confirm, is the new date Tuesday 6 May?" Hakuna mwajiri atakayekuona mjinga kwa swali hilo.

Mlioko Dubai, Muscat au Doha mtasikia pia "prepone" kutoka kwa wenzenu Wahindi. Ni neno la kweli la Kiingereza cha India, kinyume cha "postpone". Lielewe, lakini usiliandike kwa Mwingereza.

Na ukiahidi muda, sema "in ten minutes", si "after ten minutes", hata kama akili yako inasema "baada ya dakika kumi". "I'm coming" pia ichunge. Kama unatoka na utarudi sasa hivi, sema "I'll be right back".

Hatua ya 6: Marehemu

"Late" ikikaa baada ya "the" au "my", kabla ya jina la mtu, ni marehemu. "The late Julius Nyerere", aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999. "The late President Moi", aliyefariki 2020. "My late grandmother". Usichanganye na "former". "Former President Kikwete" ni rais mstaafu. "The late" huwezi kuliweka kwa aliye hai, na hilo ni kosa linaloumiza familia likitokea gazetini au kwenye programu ya sherehe. Vivyo hivyo "her late husband" ni mume aliyefariki, na "her ex-husband" ni mtalaka.

Kwa kawaida neno hili hutumika kwa watu ambao waliowajua bado wapo duniani. Hakuna anayesema "the late Shakespeare".

Tatizo huja likihamia mwisho wa sentensi. Botswana na Afrika Kusini, na hata huku kwetu, watu husema "My father is late" wakimaanisha amefariki. Ukitoka nje ya Afrika, sentensi hiyo humaanisha baba yuko njiani. Ofisa wa uhamiaji akikuuliza habari za baba yako na ukamjibu "He is late", anaweza kukuuliza kwa nia njema kabisa kwamba atafika saa ngapi. Swali hilo linachoma, na yeye hana kosa. Sema "My father passed away in 2010", au kwa ufupi "My father died in 2010". "Died" si neno la ukatili kwa Kiingereza kama "kufa" linavyoweza kusikika kwetu. Kwenye fomu neno ni "deceased".

Hatua ya 7: Wanaofanana sura

"Lately" ni siku hizi za karibuni, na hupenda kuandamana na "have": "I have been busy lately." "Later" ni baadaye: "See you later", "two hours later". "Latter", yenye t mbili, ni wa pili kati ya wawili waliotajwa, na hutamkwa tofauti: "later" inaanza kama "lei", "latter" inaanza kama "la". "Latest" ni mpya kuliko zote. "Last" ni ya mwisho. Mwandishi aliye hai ana "latest book". Ukimwambia ana "last book" umemstaafisha.

"On time" ni kwa muda uliopangwa: treni ya saa mbili imeondoka saa mbili. "In time" ni kabla mambo hayajaharibika: "We reached the hospital in time."

"Too late" si "very late". "Very late" bado unaweza kupokelewa. "Too late" ni basi tena, nafasi imepita. Tumezoea kutafsiri "sana" kwa "too", na kwa neno hili tofauti ni kubwa: dirisha la maombi likiwa bado wazi, usijihukumu mwenyewe kwa kuandika "I know I am too late". Kuna pia "Better late than never", ambayo ni jamaa ya "kawia ufike".

Mawili ya mwisho ni mepesi. "Belated" ni ya salamu na pongezi zilizopita siku yake: "Belated congratulations on your wedding." "Tardy" utaikuta shule za Marekani, mtoto akifika baada ya kengele, barua ikisema mwanao ana "three tardies", amechelewa mara tatu, na si suala la utoro. Uingereza neno hilo ni la vitabuni zaidi.

Hatua ya 8: Andika ujumbe wenyewe

Ujumbe mzuri wa kuchelewa kwa Kiingereza una vitu vitatu: radhi fupi, sababu moja, na muda mpya. Sisi hupenda kuanza na salamu na kueleza safari yote, na ni adabu njema. Kwa mwajiri wa kigeni anayetazama saa, muda mpya ndio anaoutafuta kwanza. Usiruke salamu, ila ifupishe.

Ukiwa njiani: "Good morning. I'm running about fifteen minutes late because of an accident on the road. I should be there by 9:15. Sorry for the inconvenience."

Ukichelewa kujibu barua pepe: "Apologies for the late reply", au "Sorry for the delay in getting back to you." Kisha nenda moja kwa moja kwenye jibu.

Ukichelewa kulipa: "I'm sorry, I'm going to be late with this month's rent. I can pay half today and the rest by the 10th. Would that be acceptable?" Utume kabla ya tarehe yenyewe haijafika, si baada ya kuulizwa.

Kama wewe ndiye unayesubiri na mwenzako akaandika "My train was delayed", usijibu "Sorry" peke yake ukimaanisha pole. Kwake "sorry" kavu inaweza kusikika kama wewe ndiye unayeomba radhi. Mwandikie: "Sorry to hear that. No rush, we'll wait for you."